Nani Aliketi Wapi?



Ndugu msomaji, mwezi Machi 2020, shule na vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, mafrateri wetu walifunga masanduku wakarudi makwao. Mimi nilibaki seminarini na daftari langu la maandalio ya somo la Mafundisho Jamii ya Kanisa. Mada iliyokuwa ikifuata nilikuwa nimeiahirisha tangu Januari: ubaguzi wa rangi na wa jinsia.

Niliiahirisha kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuifundisha miaka ya nyuma, na kila mara ilinishinda. Nilisoma hati ya Gaudium et Spes, namba 29, mahali Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano wanapofundisha kwamba kila aina ya ubaguzi, uwe wa jinsia, wa rangi, wa hali ya maisha, wa lugha au wa dini, unapingana na mpango wa Mungu. Mafrateri waliandika. Niliuliza kama kuna swali. Hapakuwa na swali. Kwenye mtihani wote walijibu vizuri. Jioni, uwanjani, niliwasikia wakiitana kwa majina yao ya utani, mengine yakitokana na ngozi na pua za watu, nami nikacheka pamoja nao.

Wakati huo wa kufungwa, Sista mmoja anayefundisha chuo cha ualimu jirani na sisi alinipigia simu. Wanachuo wake, karibu wote wasichana, nao walikuwa majumbani. Alikuwa na mada kama yangu, akapendekeza tuunde kundi moja la WhatsApp, mafrateri wa Falsafa mwaka wa pili pamoja na wanachuo wake, tuwafundishe kwa majadiliano ya kuandika. Nakiri kwamba wazo la kwanza lililonijia halikuwa la kitaaluma. Nilijiuliza watu watasema nini wakisikia mafrateri wanachati na wasichana usiku. Nilipompelekea Baba Gambera ombi hilo, aliuliza swali moja tu: “Nani atakuwa anasoma kila kitu kinachoandikwa?” Nikamjibu, mimi na Sista. Akaruhusu.

Tulikuwa na mafrateri kumi na wanane na wasichana kumi na wanne. Wanane kati yao hawakuwa na simu janja, walikuwa na kitochi. Hao waliandika ujumbe wa kawaida kwa Sista, naye akaunakili kwenye kundi.

Wiki ya kwanza niliuliza swali ambalo mwalimu yeyote angeliuliza: “Je, katika jamii yetu upo ubaguzi wa rangi na wa jinsia? Fafanua.” Majibu yalikuja upesi, marefu, yamejaa vifungu vya Biblia, na yote yalifanana. Ubaguzi wa rangi ni mambo ya Marekani na ya Afrika Kusini ya zamani. Kuhusu wanawake, mama ni nguzo ya familia. Usiku ule Sista alinipigia. “Padre, umewauliza wanafikiri nini, wamekupa unachopenda kusikia. Waulize wameona nini.”

Swali la wiki ya pili tuliliandika pamoja: “Kumbuka sherehe ya mwisho parokiani kwenu, ya somo wa parokia, ya kipaimara au ya upadrisho. Nani aliketi wapi? Nani alikula kwanza, nani alikula mwisho? Usitoe maoni. Eleza ulichokiona.”

Hapo ndipo somo lilipoanza.

Frateri mmoja alieleza kwamba parokiani kwao alikuwepo kijana Mzungu, mwanafunzi aliyekuja kutembea kwa wiki tatu. Aliketishwa meza kuu, pembeni ya Baba Paroko. Katekista mzee, aliyehudumia kigango kwa zaidi ya miaka thelathini na kuwabatiza wengi katika hatari ya kufa, aliketi kwenye benchi nje ya turubai, juani. Yule kijana aliona haya, akainuka ampishe mzee kiti. Wahudumu wakamrudisha kitini kwa upendo mkubwa, na mzee mwenyewe akaungana nao kumsihi akae.

Msichana mmoja alimwelezea mama yake, mwana-WAWATA, aliyeamka saa tisa usiku kuwasha moto. Wageni walikula saa nane mchana. Mama yake alikula saa kumi na moja jioni, ukoko na mchuzi uliobaki. Kwenye neno la shukrani, mwenyekiti aliwashukuru “akina mama wetu” kwa sentensi moja, kisha akamshukuru mgeni Mzungu kwa dakika kadhaa.

Mwingine aliandika juu ya wasichana waliompa Baba Askofu maua. Mwalimu aliyewapanga aliwatazama, akasema weupe wapite mbele.

Na kutoka kwenye kitochi, Sista alinakili ujumbe huu: “Sisi tulipika. Sikumbuki kama niliketi.”

Nimesoma vitabu vingi juu ya mada hii. Maneno hayo machache yalinikalisha kimya kuliko vyote. Wala sikuwa na haja ya kuwaeleza wanafunzi maana ya ubaguzi wa rangi na wa jinsia, wala jinsi viwili hivyo vinavyoweza kuketi kwenye turubai moja siku ya sherehe. Walikuwa wamekwisha kuviona.

Baada ya hapo walianza kuwauliza wazee wao, jambo ambalo sikuwaagiza. Frateri mmoja alirudi na habari ya kura tatu. Babu yake alimsimulia uchaguzi wa Tanganyika wa mwaka 1958 na 1959, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, ingawa Waafrika walikuwa wengi mno kuliko wengine wote. Nchi ilikuwa imepangwa kwa rangi, na nafasi za watu katika Baraza la Kutunga Sheria zilifuata mpango huo. “Kwa hiyo,” frateri akaandika, “babu anasema hata leo akiona Mzungu mkono wake unavua kofia kabla yeye hajauamuru.”

Mwisho wa wiki ya tatu Sista alinitumia karatasi aliyoiandika kwa mkono na kuipiga picha. Alikuwa ameorodhesha saa ambazo kila ujumbe uliingia. Mafrateri waliandika kati ya saa nane mchana na saa kumi na mbili jioni. Ujumbe wa wasichana, karibu wote, uliingia baada ya saa nne usiku, ukiwa mfupi, wakati mjadala umekwisha poa. Mimi nilikuwa nimeona uchache wa maneno yao na kuamua kwamba ni wazito wa kufikiri, au wana aibu. Nilikuwa karibu kuliandika hilo kwenye alama.

Sista aliiweka orodha kwenye kundi bila majina, akauliza: “Kwa nini?” Mafrateri walijibu kwanza, kama kawaida. Wasichana wana haya. Wasichana hawapendi mijadala. Usiku wa manane ukaingia ujumbe wa msichana mmoja: “Saa tisa nipo mtoni na ndoo. Saa kumi na mbili nipo jikoni. Saa tatu naosha vyombo. Simu ni ya kaka, naipata akilala.”

Kesho yake asubuhi frateri mmoja aliandika kwamba kwa wiki mbili alikuwa akitoa hoja juu ya usawa wa binadamu huku mdogo wake wa kike akimfulia kanzu. Akaamua kufua mwenyewe. Mama yake alipomkuta na beseni alimgombeza: “Unataka majirani waseme sina mtoto wa kike?” Kundi zima lilicheka, na kicheko kile kilikuwa chema. Lakini hakuacha kufua.

Darasani nisingelijua jambo hili. Kengele ya darasani hupigwa mara moja kwa wote, na wote wanaonekana wameketi sawa. Majadiliano ya kuandika yalituonyesha nani ana muda na nani hana. Tukabadilisha utaratibu. Swali likakaa siku tatu. Kila mmoja alituma jibu lake kwanza kwa Sista au kwangu, na majibu yote yakawekwa kwa pamoja, ndipo watu wajadiliane. Kuanzia hapo wasichana waliandika sawa na mafrateri, na frateri mmoja mwenye kigugumizi, ambaye darasani sikuwahi kumsikia akimaliza sentensi, akawa ndiye tunayemsubiri.

Mwezi Mei tulisoma maisha ya Mtakatifu Yosefina Bakhita. Alizaliwa Darfur, Sudan, mnamo mwaka 1869. Alitekwa angali mtoto, akauzwa mara kadhaa, akachanjwa mwili na kutiwa chumvi kwenye majeraha. Mateso yalimfanya asahau jina alilopewa na wazazi wake. “Bakhita,” yaani mwenye bahati, ni jina alilopewa na waliomteka. Alifikishwa Italia, na mwaka 1889 mahakama ya Venice ikatamka kwamba yeye ni mtu huru. Alibatizwa mwaka uliofuata, akawa mtawa wa Shirika la Wakanosa, akaishi miaka mingi katika mji wa Schio hadi alipofariki mwaka 1947. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000.

Watu wa Schio walimpenda sana. Kwa Kiitaliano walimwita “Moretta,” yaani kama kusema mweusi wetu mdogo. Tukauliza: jina linalotokana na rangi ya ngozi, likitamkwa kwa upendo, lina ubaya gani? Mjadala ulikuwa mkali. Wengi walisema utani wa upendo hauna dhambi, sisi Waafrika tunataniana. Nami niliingia mjadalani, jambo ambalo tulikuwa tumekubaliana nisilifanye mapema, nikaandika kwamba upendo husafisha jina.

Wiki ile frateri mmoja hakuandika neno lolote. Niliweka alama kwenye daftari langu: “Mtandao?”

Ndipo msichana mmoja akaandika habari yake. Alikuwa kidato cha nne alipoanza kupaka mkorogo. Shangazi yake ndiye aliyemnunulia, akimwambia kwamba kwa weusi ule hatapata mchumba wala kazi ya mbele za watu. Uso wake ulibabuka, akakosa shule wiki mbili, akawaambia wenzake kwamba aliungua na uji. Aliandika kwamba hajawahi kumwambia mtu yeyote ukweli huo. Akamalizia kwa kusema kwamba ameandika kwa sababu kundi hili linasikiliza.

Siku chache baadaye, tarehe 25 Mei, George Floyd, Mmarekani mweusi, aliuawa na polisi mjini Minneapolis. Habari zilipofika, kundi liliwaka moto. Mmoja wa mafrateri wetu aliandika ujumbe mrefu kuliko wote, wenye uchungu wa kweli, juu ya utu wa mtu mweusi.

Kesho yake Sista alinitumia skrinshoti. Simulizi ya yule msichana, pamoja na jina lake, ilikuwa imesambazwa kwenye kundi jingine la vijana, na chini yake stika za kucheka. Tayari ilikuwa imefika kijijini kwao. Katika picha ile, ujumbe mmoja ulikuwa upande wa kulia, kwa rangi ya kijani, mahali simu huweka maneno ya mwenyewe. Ulikuwa ujumbe wa yule yule frateri aliyemlilia Floyd.

Msichana alikuwa amekwisha kutoka kwenye kundi.

Nilitaka kulifunga kundi usiku ule ule. Sista alikataa. “Ukilifunga leo, Padre, yeye ndiye atakayeonekana amekosea.” Basi nikampigia simu yule frateri, nikiwa na hasira niliyoidhani takatifu. Hakukana. Alisema alimtumia rafiki yake mmoja tu, kwa mzaha, na rafiki akasambaza. Aliomba msamaha huku sauti ikimtetemeka. Kisha akasema, “Padre, naomba kuuliza bila kukukosea heshima. Mbona Mkaa tunamwita Mkaa kila siku, na wewe Padre unamwita hivyo darasani, na hakuna aliyewahi kuitwa ofisini?”

Nilikata simu bila kumjibu.

Mkaa ni jina alilopewa frateri mmoja mweusi sana katika wiki zake za kwanza uwanjani. Mimi nililichukua kutoka kwao, nikalitumia karibu miaka miwili. Mara ya mwisho ilikuwa Machi, siku chache kabla ya kufungwa. Alisimama karibu na ubao nami nikasema, “Mkaa, usisimame hapo, hatutakuona.” Darasa lilicheka. Naye alicheka. Ndiye yule ambaye wiki ya Bakhita hakuandika, na ambaye nilimwekea alama ya mtandao.

Usiku ule nilikaa kikanisani muda mrefu. Nilimkumbuka yule mwanamke Msamaria wa Injili ya Yohane, sura ya 4. Wayahudi na Wasamaria hawakuchangamana, na wanafunzi waliporudi walistaajabu kumkuta Bwana akizungumza na mwanamke. Mara nyingi nimehubiri kwamba Yesu alivuka mipaka miwili kwa mpigo. Sikuwa nimetazama jambo jingine lililo wazi: alianza kwa kuomba maji. Alijiweka mahali pa mwenye kuhitaji. Mimi niliingia katika mada hii nikijiona mwenye ndoo.

Asubuhi nilimpigia yule frateri, nikamwita kwa jina lake la ubatizo. Nilimwambia ninataka kumwomba msamaha mbele ya wote, kama akiruhusu. Mara tatu alijibu, “Ni sawa tu, Padre, ni utani.” Sikujibu kitu. Mwishowe akasema, “Andika, Padre.”

Niliandika hivi: “Kwa karibu miaka miwili nimemwita mwenzenu kwa rangi ya ngozi yake. Nimefanya hivyo darasani, nikiwa mwalimu na padre. Hakunipa ruhusa, wala hakuwa na namna ya kunikataza. Wiki iliyopita niliandika kwamba upendo husafisha jina. Nilikuwa najitetea. Naomba msamaha kwake mbele yenu. Jina hilo sitalitamka tena.”

Kundi lilikaa kimya kwa saa nzima. Kisha ukaingia ujumbe wake mmoja tu: jina lake kamili, la ubatizo na la ukoo. Hakuongeza kitu.

Yule aliyesambaza picha aliandika barua kwa msichana, na Sista aliipeleka. Msichana aliipokea, hakuijibu. Hakurudi kwenye kundi, nami sikumwomba arudi. Vyuo vilipofunguliwa tarehe 1 Juni nilimkuta chuoni kwao, nikamwomba radhi kwa kuwa nilimwalika aseme bila kumjengea ukuta wa kumlinda. Aliniambia, “Padre, sikuumia kwa sababu walicheka. Kucheka nimezoea. Niliumia kwa sababu nilikuwa nimeanza kuwaamini.” Maneno hayo nayabeba. Sina jibu lake hadi leo.

Tangu hapo, kila likizo mimi na Sista tunaendesha majadiliano haya, kwa tahadhari zaidi. Simulizi ya mtu binafsi haiwekwi kwenye kundi tena. Inakuja kwa mmoja wetu, na tunaiweka bila jina, kama mwenyewe akikubali. Kabla ya swali la kwanza kila mmoja anaahidi kwa maandishi kwamba kinachosemwa humu hakitoki. Mwalimu anajibu swali lile lile wanalojibu wanafunzi, naye anakuwa wa mwisho. Seminarini, ambako mafrateri hawana simu, tunatumia vipande vya karatasi visivyo na majina. Kinachosaidia ni kwamba mtu anapata muda wa kuandika alichokiona kabla ya wenye sauti kubwa kuanza kusema. Ninyi wa jumuiya ndogondogo mnaweza kufanya hivyo hivyo kwa kalamu na karatasi.

Mwaka uliofuata nilialikwa kwenye sherehe ya somo katika parokia moja ya jirani. Mafrateri wetu watano walikuwa likizo huko. Niliwaona wamefunga vitenge kiunoni, wamebeba masinia, na akina mama wa WAWATA wamekaa chini ya turubai wakihudumiwa. Mama mmoja alikuwa akiinuka kila dakika kutaka kusaidia, na frateri mmoja akimrudisha kitini. Frateri huyo ni yule ambaye zamani tulimwita kwa jina nisilolitamka tena. Alipofika mezani petu, mgeni aliyekaa karibu nami aliniuliza, “Padre, kijana huyu anaitwa nani?”

Nikamwambia jina lake.